Jani la Manjano Nililopewa Sebuleni

Shamba la mama liko upande wa Boito, kwenye mteremko unaoanzia barabarani na kushuka hadi kijitoni. Kabla ya mambo nitakayoyaeleza, lilikuwa limegawika katika sehemu tatu. Ile ya juu, karibu na nyumba, ilikuwa na michai ambayo marehemu baba aliipanda kwa mbegu kabla sijazaliwa. Mashina yake ni manene, yenye kuvu za kijivu, na huwezi kupata mawili yaliyo na rangi moja kamili ya majani. Ile ya chini ilikuwa malisho ya ng'ombe watatu wa maziwa. Katikati palikuwa na kipande ambacho katika utoto wangu wote kililimwa mahindi, na mahindi ya hapo yalikuwa fahari ya nyumba yetu. Yalimpita baba kimo hata akiwa amevaa kofia, na majirani waliokwenda kanisani walisimama kwenye ua kuyatazama.

Baba alipofariki, ndugu yangu mdogo, ambaye ndiye aliyebaki nyumbani, alishauriana na mama wakaamua kuongeza chai. Hoja yao ilikuwa moja, nami nilipoelezwa kwa simu sikuona kasoro ndani yake: ardhi iliyolea mahindi kuliko nyingine yoyote italea chai kuliko nyingine yoyote. Waling'oa mabua, wakapanda miche ya kisasa ya vipandikizi, yote ya aina moja. Katika miaka iliyofuata nilisikia kwamba miche ilikuwa ikikua, ingawa kwa kusitasita, na kwamba mingine ilibidi ipandwe upya.

Kwetu mchuna chai hapewi kibarua cha siku tu. Hukabidhiwa kipande, akakichuna, akakipalilia na kukitilia mbolea, na sifa au lawama ya kipande hicho humwangukia yeye. Kipande cha katikati kilikuwa cha mwanamke mmoja aliyetoka pande za ziwa, magharibi. Alikuja huku na mumewe aliyekuwa akifanya kazi kiwandani. Mume alipokufa, yeye alibaki, akakaa katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya zizi letu. Mama, ambaye hakuwahi kuonja samaki hadi alipokuwa na wajukuu, alifundishwa naye kula omena. Yeye ndiye aliyekamua ng'ombe asubuhi tangu magoti ya mama yalipoanza kukataa mteremko. Mama alimwita dada, naye alimwita mama "Mama" kama tulivyomwita sisi.

Mimi ni mwalimu wa chuo kikuu, mbali na nyumbani, na somo langu ni jinsi mimea inavyotambua njaa. Mmea hauna tumbo, lakini unajua unapokosa kitu. Katika seli za mizizi mna jeni ambazo hukaa kimya chakula kinapotosha na huamka madini fulani yanapopungua. Madini ya chuma yakipungua, kwa mfano, jeni hizo huuagiza mzizi utoe asidi ya kuyayeyusha yaliyogandamana udongoni. Huuagiza utengeneze kimeng'enya cha kuyageuza yawe katika hali inayoweza kufyonzwa. Kisha huufanya uongeze milango ya kuyapitisha. Majani nayo hupeleka habari chini, mzizi usije ukatafuta kisichohitajika au ukalala wakati juu kuna shida. Nimezisoma jeni hizi kwa miaka mingi katika mimea midogo inayooteshwa ndani ya maji. Ni mimi ninayeamua maji hayo yawe na nini na yakose nini. Kwa hiyo sijawahi, katika maabara yangu, kuuliza mmea una njaa ya kitu gani. Nimekuwa nikijua jibu kabla mmea wenyewe haujajua.

Hivyo ndivyo hali ilivyokuwa nilipokwenda nyumbani likizo ya Agosti.

Nilifika mvua ikinyesha. Tulikuwa sebuleni, mama, ndugu yangu na mimi, na chai ilikuwa imekwisha kumiminwa. Ndugu yangu alitia mkono katika mfuko wa koti lake, akatoa jani lililokunjika, akaliweka kwenye kisahani mbele yangu.

"Daktari wa mizizi," alisema, "umesoma mpaka mvi ikakuotea. Mgonjwa ndiye huyu."

Alieleza kwamba kipande cha katikati kilikuwa kimegeuka manjano. Kwanza alidhani ni mvua ya mawe, lakini mvua ya mawe haichagui kipande. Kisha alidhani ni baridi, lakini michai ya baba, iliyo juu zaidi na yenye kupigwa na upepo zaidi, ilikuwa kijani. Majani yaliyokuwa yakichunwa hapo yalikuwa machache na membamba, na karani wa kituo cha kununulia alikuwa ameanza kuyatazama mara mbili. Nililiinua lile jani. Lilikuwa limepauka na kunyauka mfukoni, hata mishipa haikuonekana vizuri. Ningepaswa kuuliza limetoka wapi kichakani, juu kwenye machipukizi au chini kwenye majani makongwe, kwa maana hilo ndilo swali la kwanza ninalowafundisha wanafunzi wangu: nitrojeni ikipungua, mmea huiondoa katika majani ya zamani na kuyapa machanga, hivyo manjano huanzia chini; chuma hakihamishiki kwa urahisi, hivyo manjano huanzia juu. Sikuuliza. Bado sielewi ni kwa nini sikuuliza. Huenda ni chai iliyokuwa ikipoa, au ni furaha ya kuulizwa kitu nyumbani, mahali ambapo kwa kawaida huwa naulizwa tu nitaondoka lini.

"Hii ni njaa ya nitrojeni," nilisema. "Chai hii haikupata mbolea."

Yule mwanamke alikuwa amesimama mlangoni na kopo la maziwa. Sikumwona mpaka ndugu yangu alipogeuka.

Magunia mawili ya mbolea yalikuwa yametolewa kwa ajili ya kipande kile mwanzoni mwa mvua. Siku ya kuiweka ndugu yangu alikuwa Bomet katika ofisi za kaunti, na mama alikuwa kitandani na magoti yake, kwa hiyo aliyejua kilichofanyika shambani alikuwa ni yeye peke yake. Ndugu yangu alimwuliza, bila kupandisha sauti, mbolea ilikwenda wapi.

"Niliweka," alijibu. "Magunia mawili, shina kwa shina."

"Nani alikuona?"

Aliweka kopo la maziwa sakafuni, taratibu, lisimwagike. Alitoka, tukasikia viatu vyake vya mpira vikienda zizini. Ndugu yangu akasema kwamba mwezi ukiisha arudishe kipande na kutafuta kazi pengine. Nilimtazama mama nikitarajia aseme jambo. Alisema tu kwamba chai yangu inapoa.

Asubuhi mvua ilikatika, nami nikashuka hadi kipande cha katikati. Alikuwa hapo tayari, kikapu mgongoni, akichuna kana kwamba jana haikuwapo. Kwenye mchai wa kwanza niliinama na kufunua matawi. Majani makongwe ya chini yalikuwa kijani. Yaliyokuwa manjano ni yale machanga ya juu, na katika kila jani mishipa ilikuwa imebaki kijani, imechorwa wazi kama mito kwenye ramani ya shule. Mwanafunzi wa mwaka wa pili angeniambia: hii si nitrojeni, hii ni chuma. Lakini udongo wetu ni mwekundu kwa sababu ya chuma. Hukikuta viatuni, hukipata katika nguo zilizofuliwa mara tatu. Mmea unawezaje kukosa chuma mahali ambapo mtu hawezi kukiepuka?

Nilitaka kumwomba radhi lakini sikujua niombe radhi ya nini hasa, kwa kuwa bado sikujua ukweli ulikuwa upi. Nilimwuliza badala yake kama ameona kitu chochote kigeni pale.

Alifikiri kidogo. Kisha akainama, akaokota kitu chini ya shina, akakipangusa kwa kidole gumba na kunipa. Kilikuwa kigae cha chungu, ukubwa wa kiganja, chenye alama za vistari vilivyobonyezwa ukingoni.

"Hivi vinatoka kila nikipalilia," alisema. "Hapa katikati tu. Huko pembeni hakuna."

Nilimshukuru, nikakitia katika mfuko wa koti. Kisha nikachuma majani ya manjano na mengine ya kijani, nikayaweka katika bahasha mbili, nikayapeleka Kericho kwa rafiki yangu wa zamani anayesimamia maabara ndogo.

Jibu lake lilikuja baada ya juma moja, siku ya Jumanne. Nitrojeni ilikuwa ya kutosha. Fosforasi ilikuwa ya kutosha. Potasiamu na kalsiamu zilikuwa nyingi kupita kiasi. Nacho chuma, ambacho nilikuwa nimejiaminisha kwamba ndicho kilichokosekana, hakikuwa pungufu katika majani ya manjano kuliko katika yale ya kijani. Nilimpigia simu kumwuliza kama bahasha zilibadilishana. Alicheka.

"Wewe ndiye unafundisha hii kitu, Prof," alisema. "Mimi napima tu."

Hapa napenda niwe mwangalifu, kwa sababu ndipo kosa langu halisi lilipo. Kuanzia Jumanne ile nilijua jambo moja kwa hakika: nitrojeni ilitosha, kwa hiyo mbolea iliwekwa, kwa hiyo yule mwanamke alisema kweli. Maneno machache yangetosha kulieleza jambo hilo, na ndugu yangu alikuwa hatua ishirini kutoka niliposimama, akitengeneza ua. Sikuyasema. Nilijiambia kwamba nikienda kwake na kusema "si nitrojeni," ataniuliza "basi ni nini?" nami sitakuwa na jibu. Nilitaka kwenda na jibu zima. Mmea uliojaa chakula ulikuwa ukionyesha sura ya njaa; jeni ambazo nimezitumikia maisha yangu yote zilikuwa ama zimelala wakati wa shida, ama zimeamka na kupiga kelele bila kusikika, nami sikuweza kusema ni lipi. Jumatano nilichimba kando ya mizizi. Ncha za vijizizi zilikuwa zimevimba na kuota nywele nyingi kuliko kawaida, sura ya mzizi unaotafuta. Hilo lilinichanganya zaidi: vilikuwa macho basi, vilikuwa vikitafuta, na vilichokitafuta kilikuwa kimevizunguka pande zote. Alhamisi nilisoma. Yule mwanamke alipita dirishani mara mbili na ndoo, na mara zote mbili nilijifanya nimezama katika kitabu.

Ijumaa asubuhi ng'ombe walilia bila kukamuliwa. Mama alinitangulia kufika kwenye nyumba ile ya vyumba viwili, akishika ukuta kwa sababu ya magoti yake. Ilikuwa imefagiwa. Ufunguo ulikuwa umetundikwa kwenye msumari, na kikapu cha kuchunia, kilichooshwa, kilikuwa kimefudikizwa kizingitini. Mwezi ulikuwa bado na siku kumi na moja.

Nilikamua mimi, vibaya. Mama alisimama kando akinipa maelekezo, kisha akasema maziwa ya leo hayatoshi hata kugandisha mursik kibuyuni.

Kesho yake aliliomba koti langu alifue. Nilikuwa mezani. Nilimsikia akiita, si kwa jina, bali kwa ule mwito wa utotoni, na nilipotoka nilimkuta ameketi kwenye kigoda na kile kigae mkononi.

"Hiki umekitoa wapi?"

Nilimwambia.

"Hiki ni cha kogo," alisema, akimaanisha mama mzazi wa baba. "Alama hizi alikuwa anaweka na kamba. Nilipoolewa alikuwa bado anafinyanga."

Nikamwuliza kigae cha nyanya kilifikaje katikati ya michai. Alinitazama kama mtu anayeulizwa maji ya kijito yanakwenda upande gani. Nyumba ya kogo ilikuwa hapo, alisema. Jiko lilikuwa hapo, na boma la ng'ombe lilikuwa hapo, miaka mingi, mpaka barabara ilipokuja na baba akahamisha mji juu. Jivu la jikoni na samadi ya ng'ombe, vyote vilirundikana pale. Ndiyo maana mahindi yalinawiri namna ile.

"Ndiyo maana nilimwambia ndugu yako apande chai hapo," alisema. "Niliona ni mahali palipolishwa vizuri."

Nilikuwa na vikaratasi vya kupimia asidi ndani ya mkoba wangu. Vilikuwa humo tangu siku niliyofika. Nilishuka navyo na chupa ya maji safi. Kando ya kipande, ambapo michai ilikuwa kijani, udongo ulikuwa mchachu, kama chai inavyotaka. Katikati karibu uchachu wote ulikuwa umekwisha. Nilitembea nikifuata mpaka kati ya kijani na manjano, mstari kwa mstari, na baada ya hatua kadhaa nikajikuta nimerudi nilipoanzia. Lilikuwa duara. Kwa majuma mawili nilikuwa nimesimama ndani ya boma la nyanya yangu nikiuliza ng'ombe wako wapi.

Maelezo, yakishapatikana, si marefu. Jivu la miaka mingi liliuondolea udongo uchachu wake. Katika udongo wa namna hiyo chuma kipo lakini kimejifunga, na hata kile kinachofaulu kuingia huweza kukwama njiani au ndani ya jani lenyewe bila kutumika, hivyo mpimaji hukikuta ilhali jani halikioni. Jeni za mizizini zilikuwa zimeamka. Ziliuagiza mzizi utoe asidi, nao ukatoa. Lakini kila tone lilimezwa na jivu la jiko la kogo kabla halijafanya kazi. Mahindi ni ukoo mwingine, nayo hutafuta chuma kwa njia yake, isiyotegemea uchachu huo. Ndiyo sababu yalishiba mahali chai ilipokonda. Nayaandika haya kwa utulivu, lakini siku ile sikuwa na utulivu. Nilikuwa na lile jibu zima nililolisubiri, na sikujua nilipeleke kwa nani.

Nililipeleka kwa ndugu yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, ameegemea jembe.

"Kwa hivyo mbolea aliweka?"

"Aliweka."

"Na wewe ulisema hakuweka."

"Nilisema chai haikupata mbolea."

"Iko tofauti gani?"

Nilifungua kinywa kumweleza tofauti, kwa maana ipo. Kisha nikakifunga.

Akaniuliza nilijua lini. Nilimwambia kweli, tangu Jumanne. Aliangalia ile nyumba ya vyumba viwili, akasema kwamba yeye alikuwa hana elimu, basi akaamini aliye nayo. Hakulisema kwa kunichoma. Ningependa angelisema kwa kunichoma.

Tulikwenda pamoja kumtafuta. Tulikuwa tumesikia kanisani kwamba yuko Chepseon kwa dada yake, anayeuza samaki wakavu sokoni, na hapo ndipo tulipomkuta, amevaa aproni, akipanga omena kwenye gunia. Alitupa viti. Aliagiza chai, ikaletwa katika thermosi, akatumiminia sisi kwanza. Ndugu yangu aliomba radhi kwa maneno machache, na aliomba vizuri. Mimi nilieleza, nilieleza jivu, chuma na mizizi, na nilipokuwa nikieleza niliona kwamba ananifuata barabara.

"Kwa hivyo chai ilikuwa imekalia chakula na haiwezi kula," alisema. "Kama mtu wa homa."

"Ndiyo."

"Na ilikuwa inasema ina njaa."

"Ilikuwa inasema."

Alicheka kidogo, akapangusa mikono kwenye aproni. Nikamwuliza lile lililokuwa likinisumbua tangu siku ya kopo la maziwa: kwa nini hakujitetea, kwa nini hakusema zaidi.

"Mwalimu," alisema, "mimi nilisema. Nilisema niliweka. Ulitaka niseme mara ngapi?"

Ndugu yangu alimwomba arudi; akamwahidi kipande cha juu, cha michai ya baba, na nyumba yake ilivyokuwa. Alisema atafikiri. Aliuliza magoti ya mama yanaendeleaje. Tulipoinuka alifunga omena katika karatasi, akamkabidhi ndugu yangu, akasema ni ya Mama na isitiwe chumvi, ina chumvi yake.

Nimejaribu mara nyingi kupanga mambo haya yafuatane kama yanavyofuatana katika ripoti, hali, kisababishi, matokeo, na kila mara kuna mahali yanapokatika. Najua kwa nini mchai ule ulikuwa manjano. Sijui kwa nini mtu anayefahamu kwamba kiumbe kinaweza kuita na kisisikiwe alihitaji siku nne kutembea hatua ishirini. Mama naye huniuliza mara kwa mara kwenye simu kama kosa lilikuwa lake, kwa kuwa ndiye aliyechagua mahali, nami humwambia hapana, na huwa nasikia kwamba hajaridhika.

Baada ya Krismasi ndugu yangu aliing'oa michai yote iliyokuwa ndani ya duara, akapanda mahindi, nayo yamestawi. Michai ya pembeni ameiacha. Anayekamua sasa ni mke aliyemwoa baadaye. Yule mwanamke hakurudi.